IST inazima ikipata moto, fundi anataka kubadili pampu mara ya pili. Nikibadilisha sensa ya krenki mwenyewe nyumbani nitaharibu?

Tairi Kipara (Morogoro)

Wakuu habari za jioni. Nina IST ile ya zamani, ya 2004, injini 2NZ, nimekaa nayo mwaka wa nne sasa haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu. Sasa miezi miwili iliyopita natoka Dodoma na familia, tumepita Gairo vizuri tu, tunakaribia Dumila gari ikazima. Sio kwamba ilikohoa au ilipungua nguvu, hapana, imezima kama mtu kachomoa funguo, usukani ukawa mzito, nikasukumizia pembeni. Napiga stata, stata inazunguka vizuri kabisa, betri ina moto, ila injini haishiki. Tukashuka, watoto wakanunuliwa mahindi ya kuchoma, tumekaa kama dakika 25, najaribu tena inawaka kama hakuna kilichotokea. Tukafika nyumbani.

Toka siku hiyo ndio mchezo wake. Mjini asubuhi haina neno, ila nikienda safari ya kuanzia nusu saa au nikikaa kwenye foleni ya Msamvu mchana wa jua kali, inazima. Naisubiri ipoe, inawaka.

Fundi wangu kabadili pampu ya mafuta, bado. Kabadili plagi zote nne, bado. Kasafisha throto, bado. Juzi ananiambia pampu aliyofunga huenda ilikuwa mbovu tubadili tena, na kama sio pampu basi ni kontroli boksi (kompyuta ya injini). Hapo ndipo nikasema ngoja kwanza, maana hela iliyokwisha ingetosha ada ya mtoto.

Shemeji yangu ana kile kimashine cha Bluetooth cha kusoma kodi (namba za hitilafu za gari), tumechomeka kinasema hakijaunganishwa na gari. Jirani yangu anayeendesha daladala ndio kanambia hiyo ni sensa ya krenki tu, nunua ufunge mwenyewe, ni boliti moja. Mimi sio fundi, nina boksi la spana na jeki ya gari, basi. Maswali yangu: kweli inaweza kuwa hiyo sensa? Iko wapi? Na mtu kama mimi nikiifungua nyumbani naweza kuleta balaa kubwa zaidi?

Kizibo

Uza hiyo nunua bajaji mkuu, bajaji haina sensa

Fundi Umeme Mza (Mwanza)

Mkuu pole. Muache Kizibo, bajaji za siku hizi nazo zina mambo yake.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hili tatizo naliona sana kwenye hizi IST, Vitz, Funcargo na wenzake, na watu wanamaliza hela kwenye pampu.

Kwanza maelezo yako ni mazuri. Gari inayokosa mafuta mara nyingi inaaga, inavutavuta, unakanyaga haiendi, inakohoa kisha inazima. Ya kwako inakatika ghafla kama kachomoa funguo, na ikipoa inawaka. Hiyo inanuka sensa ya krenki kweli. Ile sensa ndani yake ni waya mwembamba sana wa shaba umezungushwa kwenye sumaku. Mbele yake kuna gurudumu la meno kwenye krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwa injini yako meno 34 na pengo la meno mawili, kila jino likipita sensa inatoa kamshtuko kadogo ka umeme, kontroli boksi inahesabu hapo ndio inajua krenki iko wapi na inazunguka kasi gani. Bila hiyo haijui lini irushe moto wala lini imwage mafuta, kwa hiyo inakata vyote viwili. Sasa ule waya ukishachoka, gari ikipata moto unatanuka unaachia, ukipoa unagusana tena. Ndio maana unakaa dakika 25 inawaka halafu unamsifu Mungu.

Lakini SIJASEMA nunua. Fanya haya kwanza, hayana gharama:

Siku ikizima ukiwa bado unaserereka, tazama mshale wa RPM. Ukidondoka sifuri papo hapo wakati gari bado inatembea na ukipiga stata hauinuki hata kidogo, kontroli boksi haioni krenki ikizunguka. Mshale ukicheza wakati wa stata, basi sensa inaongea na mimi ningeenda kutafuta kwingine.

Pili, hicho kimashine kukataa sio kosa lake wala la gari. Hizi gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani la miaka ile nyingi haziongei lugha ya vile vimashine vya bei rahisi. Ila gari yako inaweza kukusomea kodi yenyewe kwa kupepesa taa. Chini ya usukani kuna tundu lile lile shemeji alipochomeka. Lina matundu 16, nane juu nane chini. Lielekeze akilini mwako upande mpana uwe juu, angalia maana kwenye gari zingine limefungwa kichwa chini. Juu kutoka kushoto hesabu la nne, hiyo ni 4. Mstari wa chini kutoka kushoto hesabu la tano, hiyo ni 13. Funguo ikiwa imezimwa, unganisha 4 na 13 kwa kawaya kadogo (klipu ya karatasi iliyonyooshwa inatosha), halafu washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, USIPIGE stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo haraka haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara moja, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara tatu, hiyo ni 13, sensa ya krenki. Taa zingine nazo zitapepesa, ya ABS sijui ya eabegi, achana nazo, wewe kodoa macho kwenye ya injini.

Ole wako uguse tundu namba 16, la mwisho chini kulia. Hilo lina umeme wa betri muda wote, ukiliunga na 4 ambayo ni asi (imeungwa na bodi ya gari) utaunguza fyuzi na kidole.

Leta majibu hapa.

Tairi Kipara (Morogoro)

Mkuu wa Mwanza Mungu akubariki. Nimefanya jana usiku ili taa ionekane vizuri. Tumehesabu matundu mara tatu mimi na binti yangu wa darasa la tano, yeye anamulika na tochi ya simu mimi nimelala kwenye zulia miguu nje kama nimegongwa, jirani kapita kauliza kama niko salama. Nimewasha swichi, taa ikapepesa mara moja, ikatulia, mara tatu. Binti akasema kumi na tatu baba. Nikarudia mara nne, ile ile 13 na hakuna nyingine.

Na leo mchana nimeitoa makusudi mpaka Mkambarani nikarudi, ikazima karibu na Nanenane. Mshale wa RPM umedondoka kama jiwe wakati gari bado inaserereka. Nimepiga stata mshale umelala.

Kwa hiyo nimpigie mtu wa Kariakoo anitumie sensa kwenye basi la jioni? Kuna mmoja kanitajia elfu 35 mpya kwenye boksi.

Mchaga wa Spana

Subiri usitume hela!!

Mimi hiyo kodi imenila sensa TATU. Nilikuwa na Vitz, dalili kama zako, kodi ndio hiyo hiyo, nikafunga mpya, wiki moja ikarudi. Nikasema feki, nikanunua nyingine ya bei, siku tatu ikarudi. Ya tatu hata sikumaliza kutoka gereji. Mwishowe kijana mmoja fundi umeme, mdogo kabisa, hata ndevu hana, kafuata waya kutoka kwenye sensa kwenda juu, kakuta kuna mtu siku za nyuma alifungua puli akarudisha waya bila kubana kwenye klipu yake, umekuwa ukisuguana na mkanda wa feni mpaka plastiki imelika shaba iko nje. Kakata kipande, kaunga, kalehemu, kavisha mpira, basi. Gari ile nimeiuza mwaka jana bado inapiga mzigo.

Ile kodi haikuambii sensa imekufa. Inakuambia mawasiliano ya upande wa sensa ya krenki yamekatika. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa plagi ya waya imejaa oili, inaweza kuwa pini imelegea. Watu wanasoma kodi wanakimbilia dukani. Pima kwanza ndugu yangu, mita ya elfu 15 ni rahisi kuliko sensa tatu.

Fundi Umeme Mza (Mwanza)

Mchaga amemaliza, na mimi nilikuwa nakuja huko huko.

Nunua au azima mita, yoyote yenye kupima omu. Gari ikiwa ya baridi chomoa plagi ya sensa, weka mita kwenye pini mbili za sensa yenyewe sio za upande wa waya. Sensa ya krenki ya injini hizi ikiwa ya baridi inasoma kuanzia karibu omu elfu moja mpaka elfu moja na mia sita hivi, ikiwa ya moto inapanda kidogo. Ikisoma OL, yaani mita inasema hakuna njia, imekatika ndani. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, imeshoti.

Tatizo la kwako ni kwamba ikiwa baridi inaweza kusoma vizuri kabisa ikakudanganya. Kwa hiyo ipime ya moto pia. Ukishindwa kuipima mara gari inapozima, ifungue uitie kichwa kwenye maji ya moto mita ikiwa imeshikilia, uone inavyofanya. Kichwa tu, pini zisilowe.

Halafu ule waya, tikisa tikisa kutoka kwenye plagi mpaka unapopandia, huku unaangalia kama kuna palipochubuka.

Probox Msee (Nairobi)

Salaam kutoka Nairobi. Mimi nimetoa hiyo sensa kwa Probox yangu, injini ni ndugu ya hiyo yako, 1NZ, kwa hivyo kazi ni ile ile. Wacha nikuambie penye utakwama juu hawa wengine wameongea umeme tu hawajaongea mikono.

Usijaribu kuitoa kutoka juu. Utaona ni kama inawezekana, utaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, utatoka na damu na hakuna kitu umefanya. Legeza nati za tairi ya mbele ya kulia, upande wa dereva, gari ikiwa bado chini. Vuta hendibreki, weka mawe kwa tairi za nyuma. Inua na jeki, halafu weka stendi, na kama huna stendi azima kwa jirani au kwa gereji lakini usiingize kichwa chini ya gari imeshikwa na jeki peke yake. Tena si kichwa tu, hata mguu. Toa tairi, iteleze chini ya gari pale kando, kama kitu kitaanguka kianguke juu ya tairi.

Kisha kuna plastiki ya kukinga matope, ina vile vibanio vya kubonyeza katikati na boliti kidogo. Vibanio viwili lazima utavunja, kubali mapema. Ukishaifunua utaona puli kubwa ya krenki mbele yako, na hapo karibu nayo kwa ile kava ya cheni, upande wa kompresa ya AC, kuna kitu kidogo cheusi kimeshikwa na boliti moja ya namba 10. Hiyo ndio.

Toa teminali ya hasi ya betri kabla hujashika kitu. Fanya asubuhi gari ikiwa imelala, si jioni umetoka kazi, hapo ndani kunachoma.

Sasa boliti itatoka vizuri, sensa yenyewe ndio itakataa kutoka. Imekaa hapo miaka ishirini, oringi (kile kimpira cha duara cha kuzuia oili) imekauka imeshikana na kava. Ukiing'oa na bisibisi kama unafungua soda utaivunja shingo na kichwa kibaki ndani, na hapo sasa utalia. Nilipuliza ile dawa ya kulegeza kutu, nikaenda nikanywa chai, nikarudi nikaizungusha kushoto kulia polepole na mkono nikiwa nimeshika na kitambaa, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ikaanza kucheza. Nikaivuta ikatoka na kelele kama kizibo cha chupa (si wewe Kizibo). Oili kidogo ilitiririka, hiyo ni kawaida.

Ukirudisha, paka oringi oili safi kidogo, panguza pale inapokaa kusiwe na mchanga, isukume na kidole mpaka ikae chapati kabisa ndio uanze boliti na mkono. Usitumie boliti kuivuta ndani. Na hiyo boliti inakazwa kidogo sana, Toyota wanasema newtonmita 7.5, hiyo ni mkono mmoja na racheti fupi, ukisikia imeshika wacha. Ni kava ya alumini, ukila nyuzi zake umejitafutia kazi ya mwezi.

Mama Spea (Dar)

Naomba na mimi niseme kuhusu hiyo ya elfu 35 kwenye boksi. Nauza spea Gerezani mwaka wa kumi na mbili huu, na ninajua nitawakera wenzangu.

Sensa ya krenki mpya orijino ya hizi Toyota, zinazotengenezwa na Denso, haiwezi kuwa bei hiyo. Ya bei hiyo ni ya Kichina imewekwa kwenye boksi lililochapwa vizuri kuliko hata boksi la kweli. Nyingine zinafanya kazi, sisemi zote ni mbovu, ila nyingine zinafanya kazi mpaka injini ipate moto, yaani unalipia ugonjwa ule ule ulionao. Mimi mteja akija na hela ndogo namuuzia ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani, ina alama yake kwenye plastiki, namba zake zinaanza na 90919, namwambia atoe ya kwake ya zamani alinganishe namba yote mpaka mwisho, umbo la plagi na urefu wa kichwa. Usininunulie kwa picha ya WhatsApp mwanangu, picha haioneshi kama oringi ipo.

Na oringi nunua mpya, ni shilingi mia chache tu.

Mchaga wa Spana

Mama nakuheshimu ila mtumba nao una miaka ishirini kama ile anayoitoa, si atarudi pale pale? Mimi ningejipinda nikanunua mpya ya kweli kwa wakala.

Mama Spea (Dar)

Mwenye hela ya wakala aende kwa wakala, sina ugomvi. Ila huyu kasema ada ya mtoto. Na ya mtumba naweza kuipima hapa hapa kaunta ikiwa ya baridi na ya moto, nina birika. Muuzaji anayekataa upime, ondoka dukani kwake.

Fundi Umeme Mza (Mwanza)

Birika kaunta 😂 mama huyo ni fundi kuliko mafundi. Mimi naunga mkono, mtumba iliyopimwa nafunga kabla ya mpya nisiyoijua.

Tairi Kipara (Morogoro)

Wakuu nimerudi. Jumamosi ndio ilikuwa siku yenyewe, naandika kwa kirefu ili mwingine mwenye shida kama yangu asitafute.

Saa moja asubuhi nimeanza. Betri nimetoa hasi. Tairi imetoka, stendi nimeazima kwa yule yule fundi wangu wa pampu, kaniuliza za nini nikamwambia nataka kuosha chini ya gari, nimedanganya jamani. Plastiki ya matope nimevunja vibanio vitatu, sio viwili. Sensa nimeiona mara moja, Probox Msee umeielekeza kama umenishika mkono.

Plagi ya waya ndio ilinitesa kuliko vyote, ile ndimi ya kubonyeza imekauka, kidole gumba kimevimba mpaka leo. Ndani ya plagi kulikuwa na oili kidogo, nimeipanguza na pamba za masikioni. Waya nimeufuata wote na tochi, haujachubuka, klipu zake zipo. Kwa hiyo sio ugonjwa wa Mchaga.

Nimepima ikiwa bado kwenye gari, 1.32 kilo omu. Nikasikitika, nikasema basi ni nzima, nimehangaika bure. Nikakumbuka maneno ya fundi kwamba itakudanganya. Nimeitoa kwa ule mtindo wa kushoto kulia, imechukua kama dakika arobaini, na dawa ya kutu nusu chupa. Kichwa chake kilikuwa na vumbi la chuma limeganda kwenye sumaku kama ndevu.

Mama watoto alikuwa anachemsha maji ya chai. Nimeomba kasufuria kadogo, nimezamisha kichwa tu, nimebana mita kwa vile vibanio vya mamba. Wakuu, 1.32, 1.38, 1.45, inapanda polepole, watoto wote wamesimama wanaangalia, 1.51, 1.55, halafu ghafla OL. Nikaitoa majini, ikakaa kama dakika tatu, nne, OL ile ile, halafu ikarudi 1.5. Nikaitumbukiza tena, OL. Nilipiga kelele mpaka mama watoto kadhani nimeungua. Kasufuria kamekatazwa kurudi jikoni.

Mama Spea nilikufuata inboksi kama ulivyoona, sensa ilifika na basi la saa nane mchana, na kweli ulinitumia video ya birika. Namba zililingana zote. Nimefunga na oringi mpya, boliti nimekaza kwa mkono mmoja. Saa kumi na moja jioni gari iko chini. Nimerudisha betri, taa ya injini imewaka kwanza nikaogopa, nikatoa fyuzi ya EFI kama dakika mbili nikairudisha, ikazimika na haijarudi. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kama dakika kumi hivi kisha ikatulia, nadhani ni kwa sababu ya kutoa betri.

Jumapili nimeenda Mikumi na kurudi na AC imewaka njia nzima, nikasimama kwenye jua makusudi injini inanguruma nusu saa nzima. Haijazima. Leo Jumatano bado.

Stendi nimemrudishia fundi na nimemwambia ukweli. Kanuna kidogo, halafu kaniuliza hayo matundu 4 na 13 yako wapi. Nimemchorea.

Probox Msee (Nairobi)

Hiyo ya kasufuria nimecheka peke yangu kwa matatu watu wananiangalia. Hongera bosi. Angalia pale kwa oringi baada ya wiki kama kuna oili inatoka, panguza pawe pakavu ndio ujue.

Fundi Umeme Mza (Mwanza)

Hongera sana mkuu. Ile mbovu usiitupe, andika juu yake MBOVU kwa maka peni. Nimeshaona mtu kaiweka kwenye dashibodi halafu fundi mwingine kaifunga tena.

Dada Vitz

Samahani naingilia, na mimi nina Vitz ya 2003, haizimi ila feni ya rejeta haipumziki, nikiwasha tu asubuhi gari ya baridi feni inaanza, na mafuta inakunywa balaa. Moshi mweusi kidogo. Fundi kasema nitoe waya wa feni niwe naunga nikiona moto umepanda. Nifanye?

Fundi Umeme Mza (Mwanza)

Dada USITOE waya wa feni, utachemsha injini siku moja ukiwa umesahau na hapo ni silinda hedi.

Kwa maelezo hayo naanzia sensa ya joto la maji. Ikikatika, kontroli boksi haijui maji yana joto gani, kwa hiyo kwa usalama inajifanya ni nyuzi 80 na feni inawasha muda wote ili injini isife. Ikiwa haijakatika ila inadanganya kwamba injini ni ya baridi wakati ina moto, inamwaga mafuta mengi, ndio huo moshi. Fanya ile ya 4 na 13 aliyofanya Tairi Kipara, ukiona mbili, kutulia, mbili, yaani 22, ndio yenyewe. Nayo inapimwa kwa maji vile vile ila inakwenda kinyume na ya krenki, baridi ya nyuzi 20 inasoma kama kilo omu mbili na nusu, maji yakifika 80 inashuka mpaka karibu omu 300. Kama haishuki hivyo, au inaruka ruka, badilisha. Usiifungue injini ikiwa ya moto, maji yana presha.

Anzisha uzi wako uweke majibu, hapa tutachanganya.

Dada Vitz

Asante fundi. Kasufuria ninako.